Viraka, kroshia, kofia au ukili: uchague kazi gani ya mikono nyumbani?

Anayetaka kuanza kazi ya mikono nyumbani kwa kawaida huvutwa na kitu kilichokwisha: mfarishi wa viraka vya vitenge uliotandikwa kitandani, vitambaa vya kroshia kwenye makochi, kofia ya viua kichwani mwa mtu siku ya Idi, mkeka wa ukindu uliokoza rangi. Vyote vinne vinatamanisha. Ila kitu kilichokwisha ni cha kutazamwa tu. Utakachoishi nacho kwa wiki na miezi ni kazi ikiwa katikati: mirundo ya vipande vilivyokatwa, mstari wa hamsini unaofanana kabisa na wa arobaini na tisa, tundu jingine na jingine la kofia, utepe usiokwisha wa ukili. Wanaoacha, wengi huachia hapo. Kwa hiyo hapa siulizi kipi kinapendeza zaidi. Nauliza katikati ya kazi ipi unaweza kukaa nayo, katika nyumba uliyo nayo na muda ulio nao.

Vigezo nilivyotumia kwa kazi zote nne ni hivi: fedha ya kuanzia na ya kuendelea, muda hadi kitu cha kwanza kikamilike, kama kazi inakubali kuachwa na kurudiwa, kosa linarekebishwaje, mwili unalipa nini, nafasi na mwalimu, na mwisho soko, kwa wale wanaofikiria kuuza.

Kazi zenyewe

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: juu ni vipande vilivyounganishwa, katikati ni kitu cha kuleta joto, chini ni kitambaa kizima. Zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono inayopita hadi chini ili zisicheze. Wengi hudhani ni mambo ya Wazungu wenye baridi yao. Lakini kanga yenyewe, kwa simulizi inayojulikana sana pwani, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 pale wanawake walipounganisha leso za mraba zikawa nguo moja. Na ng'ambo ya bahari, huko Karnataka nchini India, wanawake wa Kisiddi, jamii ambayo mababu zake walivushwa kutoka Afrika, hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa nyumbani. Hawakati miraba. Huanzia ukingoni, hukunja kingo za kila kipande wanapokifikia, na huzunguka wakielekea ndani mpaka wafike katikati. Pamba hawaweki, tabaka za nguo kuukuu zinatosha. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayetaka kujifunika bila kuloa jasho, njia hiyo ina maana zaidi kuliko kujaza kitu kizito ndani.

Kroshia ni sindano moja yenye ndoano, uzi, na kitanzi kinachovutwa ndani ya kitanzi kingine. Basi. Usiichanganye na kufuma sweta kwa sindano mbili, ambayo ni kazi nyingine yenye tabia nyingine.

Kofia ya kudarizi ni ile ya Unguja, Pemba, Lamu na Ngazija, na ndugu yake wa Oman huitwa kumma kwa Kiarabu. Ina ukanda wa pembeni na duara la juu, vyote vya kitambaa cha pamba, mara nyingi cheupe. Nakshi huchorwa kwanza, kisha hujazwa kwa uzi. Kwenye kofia za viua matundu madogo hutobolewa na kila moja huzungushiwa uzi ukingoni lisichanike. Ndiyo yanayopitisha hewa kichwani. Kwa desturi wadarizi wengi ni wanawake, wavaaji ni wanaume.

Ukili ni utepe uliosukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkindu yaliyokaushwa na kuchanwa membamba, mengine yakiwa yamechemshwa na rangi. Utepe ukishonwa ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka, msala, kikapu au kawa la kufunikia chakula.

Fedha

Kroshia ndiyo nafuu kuliko zote siku ya kwanza. Sindano moja ya milimita 4 na donge moja la uzi vinakutosha kuanza leo. Gharama inakuja baadaye, tena kimyakimya, kwa sababu kila sentimita ya kazi ni uzi ulionunua. Blanketi la kroshia hula madonge mengi, na ukiishiwa katikati unaweza kukuta duka limeleta rangi ileile lakini imepauka kidogo au imekoza kidogo. Angalia namba ya mkupuo kwenye karatasi ya donge, si ya rangi tu, na ununue yote ya mkupuo mmoja.

Viraka ni kinyume chake: vinaweza kukugharimu karibu bure au vikakula fedha nyingi, kutegemea vitambaa umevipata wapi. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, ambao mifarishi yao ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston mwaka 2002 na kuchapishwa kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006, walishona kwa suruali za shambani zilizochakaa, na baadaye kwa mabaki ya kodrai ya kazi waliyokuwa wakiishonea kampuni ya Sears. Huku kwetu kila fundi cherehani ana mfuko wa mabaki ya vitenge chini ya meza. Mwombe kwa adabu, mpelekee soda, utatoka na vipande vya mwaka mzima.

Ukiamua kununua, piga hesabu kwanza. Tuseme unataka mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja, sentimita 130 kwa 200. Ukikata miraba ya sentimita 12 na kuacha sentimita 1 ya mshono kila upande, mraba mmoja ukishashonwa unabaki 10. Unahitaji 13 kwa 20, yaani vipande 260. Mita moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi inatoa vipande 72, kwa hiyo jumla ni mita nne hivi. Kwa upande wa chini, doti moja ya kanga inatosha: kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na ukiunganisha mbili kwa ubavu mrefu unapata karibu 150 kwa 218, hivyo inabaki ziada nzuri pande zote. (Angalia jina la kanga litaangukia wapi. Mtu asije akalala amefunikwa na nusu ya kijembe.) Katikati tumia blanketi jembamba kuukuu kama uko Njombe au Limuru, kama uko pwani, shuka la zamani. Sufi iache kwenye mito, kwa sababu ikifuliwa hujikusanya mabonge.

Cherehani hailazimiki. Inaharakisha, lakini kawandi zote hushonwa kwa mkono.

Kofia hugharimu kidogo mwanzo hadi mwisho: kitambaa kidogo, nyuzi, sindano nyembamba, kitu chenye ncha cha kutobolea. Ukili unategemea ulipo. Pemba au kijiji chenye mikindu, malighafi ni nguvu zako tu, pamoja na rangi ya unga ya kununua. Mjini utanunua miyaa iliyokwisha andaliwa. London au Toronto, ukili uusahau.

Kitu cha kwanza kitaisha lini

Kwa kroshia, jioni moja au mbili zinatosha kutoa kitambaa kidogo cha kuwekea kikombe, na furaha ya kumaliza mapema ndiyo inayowashika wanaoanza. Ukili nao unatoa kitu haraka kwa aliyekaa karibu na mjuzi: kipepeo au kikapu kidogo hakihitaji utepe mrefu. Mkeka wa kulalia ni habari nyingine, hapo unahesabu kwa wiki.

Mfarishi wa kitanda usiwe kazi yako ya kwanza. Anza na wa mtoto mchanga, 80 kwa 100, vipande 80 tu. Kwa cherehani ni kazi ya wikiendi chache. Kwa mkono, ya miezi michache ya jioni. Ukitaka kujaribu hata kabla ya hapo, shona foronya: ina hatua zote za mfarishi na haikuchoshi.

Kofia ndiyo ya mwisho katika mbio hizi. Ya viua vilivyobanana huchukua wiki nyingi, na nyingine huchukua miezi kwa mtu mwenye shughuli zake. Hakuna kofia ya majaribio ya jioni moja. Unachoweza ni kudarizi maua machache kwenye ncha ya leso, uone kama mkono wako unapenda mwendo huo.

Kuacha na kurudi

Hiki kwangu ndicho kigezo kizito kuliko vyote, kwa sababu watu wachache wana saa tatu mfululizo. Muda wa nyumbani huja vipandevipande: dakika ishirini maharage yakichemka, nusu saa mtoto akilala, foleni ya kliniki.

Kroshia inakubali kuachwa popote. Kitanzi kimoja kinashikilia kazi yote. Ukipitisha pini ya kufungia nguo humo, unaiweka mkobani na hakuna kinachofumuka. Unaweza kufuma ndani ya basi. Tatizo pekee ni kumbukumbu: kama unafuata nakshi yenye hesabu, andika umefika mstari wa ngapi kabla hujainuka.

Kofia nayo inabebeka vizuri, ni ukanda mdogo wa kitambaa, na kila tundu likikamilika limekamilika. Ila inataka macho na mwanga, kwa hiyo kwenye basi haifai, na usiku wa umeme kukatika unaifunga. Mikono yako iwe safi muda wote. Kitambaa cheupe hakisamehe mafuta ya maandazi.

Ukili unakubali kuachwa kwa sharti. Funga ncha usifumuke, na ukirudi lowanisha miyaa kidogo ili isivunjike. Wanaozoea husuka huku wakipiga soga barazani bila kutazama mikono. Bara kuna binamu wa kazi hii wanaobebeka zaidi: vyondo vya katani vya Wakamba na Wakikuyu, ambavyo wanawake walikuwa wakisuka hata wakitembea kwenda sokoni. Rwanda, kikapu kiitwacho agaseke hujengwa kwa kuzungusha na kufunga, si kwa kusuka utepe, lakini uvumilivu ni uleule.

Viraka vina tabia ya peke yake: ni kazi ya hatua, na kila hatua ina mahitaji yake. Kukata kunataka meza, mkasi mkali na akili iliyotulia, kwa sababu kosa la nusu sentimita kwenye kila kipande, mara kumi na tatu, ni sentimita sita na nusu mwisho wa mstari. Kuunganisha vipande viwiliviwili ni rahisi kuachwa na kurudiwa. Kupiga bandi tabaka tatu, yaani kuzishika pamoja kwa mishono ya muda, kunataka sakafu nzima kwa saa kadhaa, na watoto wakiwa kwa bibi yao. Kisha kushona mistari ya kuzikamata tabaka ni tena kazi ya jioni, unaikunja mapajani na kuendelea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema viraka havifai kwa mwenye watoto wadogo, amesema nusu. Hatua mbili hazifai. Nyingine zote zinafaa. Panga hizo mbili kwa siku ya kukaa peke yako.

Kosa likitokea

Kwenye kroshia unavuta uzi, kazi inafumuka mpaka kwenye kosa, unaanza tena na uzi uleule. Hakuna kilichopotea isipokuwa muda, na ndiyo maana naiona rafiki wa anayeanza. Angalizo moja kwa wanaojifunza kwa video: Wamarekani na Waingereza hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti, kwa hiyo kabla ya kufuata maelezo jua mwalimu wako anatumia mtindo wa nchi gani, la sivyo sweta ya mtoto itatoka ya babu yake.

Kwenye viraka mshono unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Makosa makubwa hutokea kabla ya sindano kuingia. Fua vitambaa vyote kwanza, maana kitenge na kanga mpya hunywea na kutoa rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Kama hujui kitambaa ni pamba au la, choma nyuzi mbili tatu: pamba huwaka kama karatasi na kubaki majivu laini; poliesta huyeyuka na kuacha kijiwe kigumu. Usichanganye kinachovutika na kisichovutika. Na piga pasi kila mshono kabla ya kuushona na mwingine. Wavivu wa pasi hujulikana kwa mifarishi yao iliyovimba. Jambo la kufariji ni kwamba pembe zisizokutana vizuri, ukiwa na vitenge vya rangi nyingi, hakuna atakayeziona isipokuwa wewe.

Kwenye kofia tundu lililotobolewa pasipotakiwa ni tundu. Unaweza kulibadilisha likawa ua dogo kama una jicho la nakshi, lakini anayeanza hana jicho hilo bado. Pima kichwa cha atakayeivaa kabla ya kuchora chochote. Ukili unakaa katikati: unasukua nyuma, miyaa iliyovunjika unaitupa na kuchomeka mingine.

Mwili

Kofia inakula macho na shingo. Mwenye shida ya kuona karibu aanze na miwani sahihi kwanza, kisha sindano. Kroshia hukamata kiganja na kidole gumba, hasa kwa wanaovuta uzi kwa nguvu. Legeza mkono, pumzika kila baada ya muda, na wakati wa joto tumia uzi wa pamba, maana akriliki hunata kwenye vidole vyenye jasho. Ukili ni mgongo na magoti kwa anayekaa chini miguu imenyooshwa, na kingo za majani hukata vidole vya mgeni. Viraka ni mgongo siku ya bandi, mabega siku ya pasi, na ncha ya kidole siku ya kushona tabaka tatu kwa mkono. Subana, kile kikofia kigumu cha kuvaa kidoleni, itakuokoa, izoee mapema hata kama mwanzoni inakuudhi.

Nafasi na mwalimu

Chumba kimoja cha kupanga kinatosha kroshia na kofia. Vyote viwili vinalala ndani ya mfuko. Viraka vinahitaji sanduku la vitambaa lililofungwa vizuri, mbali na panya na unyevu, na pale pa kupigia pasi. Ukili unachukua nafasi zaidi ya inavyodhaniwa: miyaa inaanikwa, rangi inachemshwa kwenye sufuria ambayo haitapikiwa tena chakula, na mabaki hutapakaa sakafuni. Mkeka uliokunjwa kabla haujakauka huota ukungu.

Mwalimu ndiye anayetofautisha sana kazi hizi. Kroshia na viraka unaweza kujifunza kwa simu, video ziko tele, ingawa nyingi si za Kiswahili na vifaa wanavyoonyesha si vya dukani kwako. Usihangaike na visu vya mviringo na mikeka maalumu ya kukatia. Kadibodi ngumu ya mraba, kalamu na mkasi vinafanya kazi ileile polepole. Kofia na ukili, kwa maoni yangu, vinataka mtu. Mkunjo wa kidole unaofanya ukingo wa ukili unyooke hauonekani kwenye video. Unaonekana bibi akikushika mkono. Kama una shangazi au jirani anayejua, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua kazi yake kuliko nyingine yoyote, hata kama ulitamani kitu kingine. Nenda na shikamoo, ukae naye, mshonee ncha za kuanzia. Wengi hufurahi kuulizwa.

Ukitaka kuuza

Hapa watu hukosana na hesabu. Chukua mfarishi uliokula saa 60. Ukijilipa shilingi elfu moja tu ya Tanzania kwa saa, tayari ni elfu sitini kabla hujahesabu uzi, na mnunuzi amesimama akiulinganisha na blanketi la kiwandani. Mfarishi huuzika kwa anayejua anachonunua: mgeni, mwenye nyumba ya kulala wageni, au mama anayetaka zawadi ya arusi isiyofanana na ya mtu mwingine. Oda za kabla zina nafuu kuliko kushona kisha kutafuta mteja. Vitu vidogo vya viraka, kama foronya, mikoba na vishikio vya sufuria, huondoka haraka.

Kroshia ina faida isiyotajwa sana: sweta hufumwa kwa mashine kiwandani, lakini kroshia halisi bado ni ya mkono, kwa hiyo hushindani na mashine moja kwa moja. Unashindana na wafumaji wenzako, nao ni wengi. Vitambaa vya makochi kila mtu anafuma. Nguo za watoto wachanga na mikoba vina pumzi zaidi. Kofia ya mkono, iliyodariziwa vizuri, ina bei ya heshima na wateja wanaoitambua kwa kuigusa upande wa ndani, ila za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo na mnunuzi wa kawaida hataki maelezo. Hapa jina lako ndilo linalouza, nalo halijengwi na kofia ya kwanza wala ya pili. Ukili una soko la nyumbani na la wageni kwa pamoja, vikapu hasa, lakini angalia unauza kwa nani: msukaji anayemuuzia mchuuzi utepe mtupu hupata sehemu ndogo ya bei ya kikapu kilichoshonwa na kutiwa mikono.

Na kama hutaki kuuza, usilazimishwe na maswali ya "utapata shilingi ngapi?" Mtu anayecheza bao jioni haulizwi.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo na muda wa dakika kumi kumi: kroshia, bila kujadili sana. Ukichoka na uzi baada ya miezi kadhaa, ingia viraka ukianza na hatua ya kuunganisha, vipande vikiwa vimekatwa na mtu mwingine.

Una cherehani tayari, au jirani fundi mwenye mabaki: viraka. Unaanza na nusu ya gharama imekwisha lipwa. Kama unaishi nyanda za baridi, utapata pia kitu cha kutumia kila usiku, jambo ambalo kitambaa cha kochi hakikupi.

Unaishi ughaibuni, iwe Uingereza, Kanada au kwingineko kwenye baridi: viraka na kroshia vyote vina vifaa tele huko, na vitenge vya zamani ulivyobeba safarini hupata kazi. Kama uko Muscat na nyumbani kuna mama au bibi anayedarizi kofia za huko, usipoteze muda na video, kaa naye.

Unapenda kazi ya kimya, yenye kuhesabu, na macho yako ni mazuri: kofia. Watu wa namna hii huchoshwa na kroshia kwa sababu inakwisha upesi. Jipe mwaka, na mtafute wa kuivaa kabla hujaanza.

Unataka kazi ya kufanywa na wenzako, mkiongea, watoto wakipita katikati: ukili kama uko karibu na mikindu, au mfarishi mmoja wa pamoja, kila mtu akileta vipande vyake na siku moja ya kupiga bandi wote mkiwa sakafuni. Kiongozi wa siku hiyo awe mmoja tu, vinginevyo mtabishana rangi mpaka Magharibi.

Umestaafu na vidole vimeanza kukakamaa: jaribu kroshia ya uzi mnene na sindano ya milimita 8 au zaidi yenye mpini mpana, au viraka vikubwa vya sentimita 20 kwa cherehani. Kofia na miyaa membamba viache kwa sasa.

Unahitaji fedha ndani ya mwezi huu: hakuna kati ya hizi nne itakayokupa. Kilicho karibu zaidi ni vitu vidogo vya kroshia au mikoba ya viraka kwa oda, baada ya kuwa mkono umeshika.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, usinunue vifaa vya kazi nzima. Fanya kipande cha katikati cha kila moja: mistari thelathini ya kroshia usiyoibadilisha, miraba ishirini ya viraka, nusu mita ya ukili, au maua kumi ya kudarizi kwenye leso. Viweke vyote kwenye kikapu kimoja sebuleni na uone ndani ya wiki mbili mkono wako unakwenda kwenye kipi bila kuutuma.